Chianti Classico: kuuchagua, kuupooza na kuunywa na chakula

Anayeonja Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa Italia, kwa mara ya kwanza bila chakula mara nyingi hukunja uso. Mchachu, una ukakasi, fizi zinakauka. Ni rahisi kudhani ameuziwa chupa mbovu, kumbe mvinyo huu ndivyo ulivyo, na lawama nyingi dhidi yake huisha ukishughulikia mambo matatu kwa mpangilio huu: joto, hewa, chakula.

Tuanze dukani. Mvinyo huu hutoka kwenye vilima vya Toscana kati ya Firenze na Siena. Mipaka ya kwanza ya Chianti ilitangazwa na Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, mwaka 1716. Mwaka 1932 serikali ya Italia ilitanua jina hilo hadi maeneo ya jirani, na eneo la asili likatofautishwa kwa neno Classico. Chupa iliyoandikwa Chianti tu, basi, ni mvinyo mwingine wenye kanuni zake. Usipepese macho: tafuta jogoo mweusi. Tangu 2005 nembo hiyo hukaa kwenye kila chupa ya Chianti Classico.

Zabibu yake kuu ni Sangiovese, isiyopungua asilimia 80. Zinazobaki ni nyekundu za kienyeji kama Canaiolo na Colorino, au za kigeni kama Merlot na Cabernet Sauvignon. Zabibu nyeupe, ambazo zamani zilichanganywa humo, hazikubaliwi tena tangu mavuno ya 2006.

Lebo itakuonyesha mojawapo ya madaraja matatu. La kawaida, ambalo wenyewe huliita Annata, hukaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa. Riserva hukaa miezi 24. Gran Selezione, daraja lililoingia sokoni mwaka 2014, hukaa miezi 30 na hutokana na zabibu za shamba la mzalishaji mwenyewe. Kwa chupa ya kwanza nunua Annata yenye miaka mitatu hadi sita tangu mavuno. Gran Selezione ni ghali, na ikiwa changa hubana mdomo zaidi kuliko Annata. Kulipa pesa nyingi ili uinywe wiki hiyohiyo ni hasara. Na katika miji yenye joto kama Mombasa au Dar es Salaam, usichukue chupa iliyosimama dirishani juani, hata ikiwa imepunguzwa bei. Kizibo kilichojitokeza juu kidogo, au shingo inayonata, ni dalili kwamba mvinyo umepata joto ukatanuka.

Sasa joto. Kiwango kizuri ni nyuzi 16 hadi 18. Ule ushauri kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, si sebule ya nyuzi 30. Kwa joto hilo kileo hupanda puani, harufu ya tunda hupotea, na mvinyo huonekana mzito na mkali. Weka chupa kwenye friji kwa saa moja na nusu hivi. Kama wageni wameshafika, itumbukize hadi shingoni kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika 8 hadi 10. Barafu kavukavu bila maji hupooza polepole zaidi kwa kuwa haiigusi chupa yote. Usipitilize lakini. Ukishuka hadi nyuzi 10, ukakasi huzidi na harufu hufunga. Ikitokea, shika tumbo la glasi kwa viganja dakika chache.

Hewa ni jambo la pili, na hapa wengi hujidanganya: kung'oa kizibo na kuiacha chupa mezani hakusaidii kitu, maana hewa inagusa mvinyo kwenye kiduara kidogo tu cha shingo. Mimina mvinyo wote kwenye jagi safi lisilo na harufu ya sabuni. Annata inatosha dakika 20 hadi 30, Riserva changa saa moja. Chupa ya miaka 15 na zaidi ni kinyume chake. Isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatue, imimine taratibu muda wa kunywa ukifika, na uache kumimina unapoona weusi unakaribia shingo. Ukiuacha mvinyo mkongwe kwenye jagi, harufu yake inaweza kufifia kabla hamjamaliza kula.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo unaofumba kidogo. Jaza theluthi tu, kama mililita 125, ili uweze kuuzungusha. Rangi ya Sangiovese ni nyekundu angavu. Ukiweka kidole nyuma ya glasi mara nyingi utakiona. Pembeni huelekea rangi ya tofali kadiri miaka inavyopita. Puani tafuta cheri, maua, majani makavu ya chai, na udongo uliolowa. Mdomoni tenganisha vitu viwili vinavyochanganywa sana: uchachu hutoa mate pembeni mwa ulimi, ukakasi hukausha fizi kama chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi.

Kisha jaribu hivi. Piga funda moja, kumbuka ulivyobana. Tafuna kipande cha nyama ya kuchoma chenye mafuta na chumvi, piga funda la pili. Ukakasi umelainika, kwa sababu tanini, kitu kinacholeta ukakasi huo, imeshikana na protini na mafuta badala ya mate yako, na uchachu sasa unasafisha mafuta ulimini. Ndiyo maana Firenze huunywa na bistecca, kipande kinene cha ng'ombe chenye mfupa kinachochomwa kwenye makaa na kuachwa chekundu ndani. Nyama choma ya mbuzi inafanya kazi hiyohiyo. Mchuzi wa nyanya pia, maana uchachu wa nyanya unakutana na wa kwake. Pilipili punguza: huamsha ukali wa kileo. Samaki wenye mafuta huacha ladha ya chuma, na vyakula vitamu huufanya uonekane mchungu.

Kasoro za kweli ni chache. Harufu ya maboksi yaliyolowa, tunda likiwa limekufa, ni ugonjwa wa kizibo na hauna dawa. Harufu ya siki au rangi ya kucha, ikiwa kali, nayo ni mwisho wa chupa. Harufu ya kiberiti au mayai viza huenda ikaisha ukitikisa jagi dakika chache, kwa hiyo ngoja kabla ya kulalamika. Chupa mbovu irudishe dukani na mvinyo ungalimo. Ukiumwaga, huna la kuonyesha.

Uliobaki uzibe na uweke kwenye friji. Siku mbili hadi tatu bado unafaa, utoe dakika 20 kabla ya kula. Baada ya hapo uchemshie nyama.