Kuskani mkusanyiko wa katuni: kipi uweke hadharani, kipi ubaki nacho

Kuskani ni uamuzi mmoja, kusambaza ni mwingine. Anayeyafanya yote mawili kwa mkupuo huishia ama kuharibu nakala ya zamani kwa haraka, ama kupakia kitabu kizima cha mtu mwingine bila kujua. Anza na mkusanyiko wenyewe, kwa sababu si kila toleo linastahili kuwekwa kwenye skana.

Vitabu vingi vya katuni vya miaka ya nyuma vilichapwa kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi hiyo ina lignini (kiambata cha asili cha mbao) na tindikali, hivyo hugeuka rangi ya kahawia na kukauka jinsi miaka inavyopita. Ukifungua mfuko na kukuta vipande vidogo vya karatasi chini yake, kitabu hicho kimeshaanza kumeguka. Kirudishe na usikiskani kwa skana ya kulaza, yaani ile yenye kioo unacholazia ukurasa. Usijaribu kukunja pembe ya ukurasa ili kupima ukavu wake, maana jaribio hilo ndilo litakaloivunja. Mwanga wa skana hupita kwa sekunde chache tu. Kinachoharibu ni mkono, mfuniko unaogandamiza, na mgongo wa kitabu unaolazimishwa kulala bapa. Pini zenye kutu nazo hukata karatasi pale zilipopita, kwa hiyo kila unapofunua kurasa za katikati tundu linapanuka.

Wengine hung'oa pini ili kurasa zilale vizuri. Usifanye hivyo kwa nakala yoyote yenye thamani. Pini zikirudishwa huacha alama, mnunuzi mzoefu huiona, na bei hushuka. Kitabu kilichogundishwa kwa gundi badala ya pini kina hatari nyingine: gundi ya zamani hupasuka na kurasa hutoka moja moja. Nakala iliyokwisha kupimwa ubora na kufungiwa kwenye kasha la plastiki usiifungue kabisa, kwa sababu ukishavunja kasha, daraja iliyopewa nayo imekwisha. Hiyo piga picha ya jalada tu.

Vifaa na mpangilio

Skana za kulaza ni za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zile nyembamba na za bei nafuu hutumia vihisi vya CIS, ambavyo huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Ukurasa ukiinuka milimita chache karibu na mgongo, maneno hufifia. Zile nene zenye vihisi vya CCD huona kwa kina zaidi, kwa hiyo hazikulazimishi kukandamiza kitabu, na hata jalada lililo ndani ya kasha la plastiki hutoka safi. Kwa katuni, chagua CCD. Skana inayojivutia karatasi yenyewe isikaribie mkusanyiko.

Kitabu cha kawaida cha katuni cha Marekani siku hizi kina upana wa takribani inchi 6⅝ na urefu wa inchi 10¼, hivyo ukurasa mmoja unaenea kwenye skana ya A4. Mchoro unaopita kurasa mbili hauenei. Uskani kila upande peke yake, kisha uunganishe kwenye programu.

Weka nukta 600 kwa inchi kwa nakala ya kuhifadhi. Sababu si ukubwa tu. Rangi za katuni za zamani zimechapwa kwa vitone, na ukiskani kwa nukta 150 au 200 vitone hivyo hugongana na vile vya skana na kutoa mawimbi yasiyokuwepo kwenye karatasi. Skani kwa 600, kisha punguza kwenye programu. Mawimbi mengi hupotea. Kitufe cha kuondoa vitone ndani ya skana kiache kimezimwa, maana hulainisha na mistari ya wino pia.

Zima vilevile marekebisho yote ya moja kwa moja ya mwanga, rangi na ukali. Skana ikijiamulia kila ukurasa, ukurasa wa 4 utatoka wa manjano na wa 5 mweupe, na kitabu kitaonekana kama kimetoka kwenye nakala mbili. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaouskani. Karatasi ya katuni ni nyembamba, na mfuniko mweupe hurudisha mwanga, ndipo mchoro wa upande wa pili hujitokeza. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa zaidi, na kuirekebisha baadaye ni kazi ngumu sana.

Mikono iwe imeoshwa na kukaushwa. Glavu za pamba huondoa wepesi wa vidole na hunasa kwenye kingo zilizochanika. Kioo kifute kwa kitambaa laini. Dawa ya kusafishia nyunyizia kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, ili isiingie ndani kupitia kingo.

Kitabu kisichofunguka vizuri kipige picha kwa kamera iliyofungwa kwenye stendi, kitabu kikiwa kimeegemezwa kisifunguke zaidi ya nyuzi 90 au 100, taa mbili zikitoka pande mbili kwa nyuzi 45. Ukitumia simu, isogeze mbali kidogo na utumie lenzi yake ya kuvuta. Lenzi pana ikiwa karibu hupinda kingo za fremu.

Nafasi ya kuhifadhia ihesabiwe mapema. Ukurasa mmoja wa ukubwa tuliotaja, kwa nukta 600 na rangi kamili, ni kama megabaiti 73 kabla ya kubanwa. Toleo la kurasa 32 pamoja na pande nne za jalada linafika gigabaiti 2.6. Hifadhi nakala kuu kama TIFF bila kuifanyia usafi wowote, hata manjano ya karatasi yabaki, kisha tengeneza nakala ya kusomea kama JPEG. Majina ya faili yaanze na sufuri: 001, 002, 003, la sivyo ukurasa wa 10 utasomwa kabla ya wa 2. Ukizifunga kwenye faili la ZIP na kubadilisha kiambishi kiwe CBZ, programu za kusomea katuni zitalifungua. Kuwe na nakala tatu, na moja ikae nje ya nyumba.

Sasa, kusambaza

Nakala uliyonunua ni mali yako: unaweza kuiuza, kuiazimisha, kuirithisha. Haki ya kunakili michoro na maneno yaliyomo ni ya mchapishaji, au mchoraji na mwandishi na warithi wao. Haki hiyo haiondoki kwa sababu kitabu hakipatikani madukani, wala kwa sababu hutozi fedha. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unataka ulinzi wa angalau maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika miaka 70. Sheria za kunakili kwa matumizi yako binafsi pia hutofautiana, hivyo soma ya nchi yako kabla hujaanza hata kuskani.

Toleo zima liweke hadharani kwa hali mbili tu: hakimiliki imekwisha, au una ruhusa ya maandishi. Kwa vitabu vya Marekani kuna mlango unaofaa kuchunguzwa. Vilivyochapishwa huko kabla ya 1964 vilipaswa kuandikishwa upya katika mwaka wa 28 tangu kuchapishwa, na wachapishaji kadhaa wadogo hawakufanya hivyo, kwa hiyo hakimiliki yake ikaisha. Hakikisha toleo kwa toleo kwenye rejista ya hakimiliki ya Marekani, si kwa kukisia. Na hata kitabu kikiwa huru, mhusika wake anaweza kuwa bado analindwa kupitia kitabu kingine au kama alama ya biashara.

Ruhusa huombwa kwa barua fupi: taja toleo, idadi ya kurasa, ukubwa wa picha na mahali zitakapowekwa. Wachoraji wanaojichapishia ndio wanaofaa kuombwa kwanza, kwa kuwa haki mara nyingi iko mikononi mwao wenyewe. Jibu lihifadhi.

Kwa vingine vyote, weka jalada na fremu chache unazozizungumzia. Jalada nalo lina hakimiliki, lakini sheria nyingi huruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki, na picha ya upana wa pikseli 600 inatosha kabisa kutambulisha toleo. Jalada la nukta 600 kwa inchi usilitoe. Linamtosha mtu kuchapa jalada bandia na kuliuza. Ongeza taarifa ambazo picha haizisemi: namba ya toleo, mwezi na mwaka, majina ya mchoraji na mwandishi, na kama ni chapa ya kwanza. Kwa watafiti, hizo huwa na faida kuliko kurasa zenyewe.

Kabla ya kupakia picha iliyopigwa kwa simu, futa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, hasa mahali ilipopigwa. Rafu nzima ya matoleo adimu ikionekana pamoja na mahali nyumba ilipo, mwizi amepewa orodha na anwani.