Matairi ya AT kwa gari la Dar: soma hapa kabla hujanitumia picha ya gari lako

Wakuu habari zenu. Wiki hii peke yake watu wanne wamenitumia picha ya gari na maneno mawili, "tairi gani?" Gari linatembea wapi hawasemi, saizi hawasemi, na nikiuliza wananiona nina maringo. Naandika mara moja, kwa urefu, kuhusu AT (all-terrain), yaani tairi la kutembea lami na vumbi. Atakayeuliza tena namleta hapa.

Nina Prado ya 2005, saizi 265/65R17. Nakaa Madale, kazi iko Posta, na karibu kila mwezi naenda shamba upande wa Maneromango, ambako kipande cha mwisho ni rafu rodi yenye mawe. Saadani na Mloka naenda mara mbili tatu kwa mwaka. Ninayosema hapa yametoka kwenye njia hizo.

Hatua ya 1: Jua kilomita zako ziko wapi. Andika kwa wiki mbili, siku kwa siku, kilomita za lami na za vumbi. Kama katika kila kumi tisa ni lami, na hiyo moja ni mtaa wenu wa Goba au Mbezi Makabe, huhitaji AT. Funga HT nzuri (highway terrain, tairi la lami), utapata utulivu, mafuta yatapungua kuliwa, na breki itashika vizuri zaidi mvua ikinyesha. Hili la mvua wengi hawalitaki. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga chini, zikiwa kubwa zenye nafasi pana maana yake mpira unaogusa lami ni mchache, kwa hiyo kwenye lami iliyolowa AT nyingi huchelewa kusimama kuliko HT. Anayeshuka Barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa nne, bodaboda mbele yake, alijue hilo kabla hajalipa.

AT inaanza kuwa na maana pale vumbi na changarawe vinapofika kama robo ya safari zako, au pale ambapo kuchanika tairi ni kulala porini. MT, ile yenye meno makubwa kabisa, sikushauri kama unalala Dar. Inanguruma, inaisha haraka kwenye lami, na breki yake kwenye maji ndiyo mbaya kuliko zote. Kitu kimoja tu inashinda, nacho ni tope. Ule udongo mweusi wa Saadani na bonde la Rufiji ukilowa unajaza nafasi za AT, na baada ya mita ishirini tairi linakuwa duara laini kama andazi. Hapo hakuna AT ya kukuokoa. Masika ahirisha safari.

Hatua ya 2: Saizi. Fungua mlango wa dereva, soma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo. Usisome tairi lililofungwa, huenda mwenye gari wa kwanza alibadilisha.

Ukitaka kupanda saizi, piga hesabu kwanza. 265/65R17: upana milimita 265, ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani 172. Mara mbili 344, jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni 432, unapata kimo cha 776. Ukifunga 265/70R17 kimo kinakuwa 803. Gari limenyanyuka sentimita moja na kitu tu, lakini spidi mita ikisoma 100 wewe uko 103, na ukikata usukani mpaka mwisho tairi linaweza kusugua madgadi. Kwangu mimi faida hiyo haitoshi. Nimebaki na saizi ya kiwanda.

Hatua ya 3: Namba ya mzigo, na herufi LT. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 112S. Namba 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya kiwanda hata kama bei inavutia.

Saizi ikianza na LT, hilo ni tairi la gari la mizigo: tabaka nyingi, ubavu mgumu, mawe ya Kisarawe hayalitishi. Ila ni zito, usukani unakuwa mzito, na gari tupu linadunda kama mkokoteni. Tena linataka upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule, kwa hiyo namba ya upepo iliyoandikwa mlangoni haitoshi tena, inabidi ufuate jedwali la mtengenezaji wa tairi. Hilux inayobeba saruji kila wiki, funga LT. RAV4 ya kupeleka watoto shule, achana nayo.

Hatua ya 4: Tarehe ya tairi. Hapa ndipo nilipoumia, na hapa naomba usome polepole.

Kila tairi lenye alama ya DOT (idara ya usafiri ya Marekani) lina tarakimu nne mwishoni mwa mstari huo, kwenye kidirisha kidogo kilichozama. 3816 ni wiki ya 38 ya mwaka 2016. Tatizo ni kwamba mara nyingi tarakimu hizo zinapigwa ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili unakuta DOT na herufi zake, halafu basi.

Mwaka 2021 nilinunua matairi manne "mapya" kwenye duka moja mjini. Yalikuwa yanang'aa, na vinyweleo vya mpira bado vimesimama kwenye kashata. Niligeuza moja, nikakuta 1120. Mengine matatu kwa nje sikuona tarakimu, muuzaji akasema zote mzigo mmoja, nikafunga. Agosti mwaka uliofuata natoka Morogoro na mke wangu na watoto wawili. Tumepita Chalinze, niko 90, usukani ukaanza kutetemeka kidogo. Nikasema ni balansi, nikaendelea kama dakika kumi. Kikatoka kishindo nyuma upande wa abiria, gari likavuta, nikalishika na kulileta pembeni taratibu. Kashata yote ilikuwa imebanduka kama ganda la ndizi, imepiga madgadi na kukata nyaya za taa. Nilipolilaza tairi chini ndipo nikaona ubavu wa ndani: 3513. Lilikuwa na karibu miaka tisa. Nyumbani nikafungua mengine, mawili nayo yalikuwa ya 2013. Dukani walikataa kabisa kunisikiliza.

Kwa hiyo:

- Angalia tarehe ya kila tairi, pande zote mbili, kwa tochi ya simu, KABLA halijaingia kwenye rimu. Likishafungwa tarehe ikiwa ndani huioni mpaka uinamie uvunguni.
- Asiyekuruhusu kugeuza tairi, mwachie tairi lake.
- Bonyeza kati ya kashata na kashata kwa kidole gumba. Ukiona nyufa nyembamba kama za nywele kwenye shina, rudisha. Mng'ao ni wa kupakwa, usikushawishi.
- Mimi tairi jipya lililozidi miaka miwili tangu litengenezwe sinunui. Likifika sita nalikagua kila safari, na kumi ndiyo mwisho hata kama kashata zimejaa.
- Usukani ukianza kutetemeka ghafla njiani, au ukaona uvimbe ubavuni, SIMAMA. Zile dakika kumi zangu nilikuwa nimebeba familia.

Hatua ya 5: Nunua matano. Spea ya saizi au umri tofauti itakuumiza siku unayoihitaji.

Hatua ya 6: Kufunga. Balansi, alaimenti, valvu mpya, na baada ya kilomita 50 mpaka 100 kaza nati tena.

Hatua ya 7: Upepo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima ukiwa umetoka foleni ya Ubungo, geji itasoma juu kwa PSI (kipimo cha upepo) tatu au nne kwa sababu ya joto, ukipunguza hapo kesho uko chini. Na usimwachie fundi ajaze 40 kwa mazoea. Tairi lililojaa kupita kiasi huliwa katikati, na jiwe lenye ncha hulichana kirahisi maana mpira hauna pa kubonyea. Kwenye changarawe ndefu mimi nashusha kutoka 32 hadi 26 na napunguza mwendo.

Majina: nilizowahi kufunga au kuendesha ni tatu. BFGoodrich KO2 ubavu wake ni mgumu sana, ila ni nzito na inaunguruma. Yokohama Geolandar G015 imetulia zaidi lamini, ndiyo niliyonayo sasa. Bridgestone Dueler 697 iko katikati. Bei siweki, zinabadilika.

MASWALI

Mtoto_wa_Tabata: Mkuu somo zuri. Naomba unishauri tairi nzuri ya RAV4.

Jibu: Hatua ya 1 na ya 2. Njoo na saizi na unakoenda.

Mtoto_wa_Tabata: Ni RAV4 ya kawaida tu mkuu.

Jibu: Hakuna saizi inayoitwa ya kawaida. Fungua mlango wa dereva.

BiKimbiji: Kaka asante. Mimi nina kiwanja Kimbiji, mita mia tatu za mwisho ni mchanga mtupu. Nimefunga AT mpya na bado nazama. Jirani ananiambia nitoe upepo, naogopa kuharibu tairi. Kwa nini kutoa upepo kunasaidia, na nitoe mpaka ngapi?

Jibu: Dada hili swali nimelipenda. Kwenye mchanga kashata hazikusaidii sana, zinachimba tu. Ukishusha upepo tairi linalala, na alama yake chini inarefuka, mbele na nyuma, kama unyayo wa ngamia. Uzito uleule umegawanyika sehemu kubwa, gari linaelea juu badala ya kuchimba. Simama kabla ya mchanga, shusha hadi 18, sogea mita mbili, shuka uangalie alama zako: zitakuwa ndefu kuliko za mwanzo. Masharti ni matatu. Usizidi kilomita 30 kwa saa. Usikate kona kali, ukingo wa tairi unaweza kutoka kwenye rimu. Na ukifika lami jaza palepale, usiseme utajaza mbele, maana tairi laini likikimbia lamini linapata joto na kupasuka. Ukianza kuzama, achia mafuta mapema, rudi nyuma kwenye njia yako mwenyewe. Jirani yako anajua.

BiKimbiji: Nimeelewa. Je nikibeba matofali?

Jibu: Basi usishuke mpaka 18, ishia 22 au 24. Mzigo unabonyeza tairi wenyewe. Na peleka matofali kwa awamu, mchanga hausamehe uzito.

Kobe_Mzee: Unatisha watu bure. Mimi nina used za Japani za 2014, mwaka wa tatu huu zinadunda tu. Kashata zimejaa.

Jibu: Sijaandika kwamba zitapasuka kesho. Nimeandika kwamba mpira unazeeka kwa joto, jua na hewa hata usipotembea, na kashata haikuonyeshi uzee huo. La kwangu nalo lilikuwa na kashata tele siku lilipobanduka. Tairi ni zako, uamuzi ni wako, ila usimwambie mwenzako kwamba ni salama.

Kobe_Mzee: Sawa mwalimu.

Forester_Ukonga: Bro, nina Forester, mbele zimeisha, nyuma bado nzima. Naweza kufunga AT mbili mbele?

Jibu: Usifanye hivyo. Hilo gari linazungusha magurudumu yote manne muda wote. Mawili yakiwa makubwa kidogo kuliko mengine, yanazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kitashindana na tofauti hiyo safari nzima mpaka kiungue. Bei ya kukitengeneza inanunua seti ya matairi. Badilisha yote manne. Kuanzia hapo zungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yaishe pamoja.

Dereva_Mloka: Nyongeza kidogo kwa wanaokuja huku kwetu. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari inaunguza fyuzi kwenye matairi makubwa. Nunua ile ya kubana moja kwa moja kwenye betri, na injini iwe inawaka. Na mwiba wa mgunga usiuchomoe ukiuona. Uache hapo, upepo unatoka polepole, ufike kwa fundi.

Jibu: Asante sana, hili la mwiba sikuliweka. Niongeze: kile kimpira kama kamba cha kuchomeka kwa nje kinafaa kwenye kashata tu. Tundu likiwa ubavuni usikubali fundi azibe, hata akisema amezoea.

Dereva_Mloka: Na mtu akichanika ubavu huku ajue duka la tairi liko mbali. Hatua yako ya 5 hiyo.

Mtoto_wa_Tabata: Mkuu nimerudi. Mlangoni imeandikwa 215/70R16, upepo 30. Nimeandika wiki moja: lami 212, vumbi 61. Vumbi ni kwa mama, Chanika ndani ndani, na mvua ikinyesha pale kuna kilima natelezaga.

Jibu: Sasa tunaongea. 61 katika 273 ni kama asilimia 22, karibu robo, kwa hiyo AT inakufaa, ila isiwe LT, gari lako ni jepesi. Baki na 215/70R16, tafuta AT ya kawaida yenye kashata zilizokaribiana katikati. Namba ya mzigo usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye kilima cha mama shusha upepo hadi 24 ukiwa chini, panda gia ndogo bila kukanyaga ghafla. Ukipata duka nitumie picha ya tarakimu nne za kila tairi, yote matano, kabla hujalipa.

Mtoto_wa_Tabata: Jumamosi naenda Kariakoo. Nitatuma.