Kujenga Corolla KE70 nyumbani Moshi: gari lisikae juu ya stendi

Mimi ni seremala, na gereji yangu ni nusu ya banda la mbao pale Pasua. Upande mmoja ipo mashine ya kupigia randa, upande wa pili ipo Corolla KE70, ile tunayoiita DX. Niliinunua Kiboriloni kwa mzee mmoja ambaye kuku wake walikuwa wanatagia kwenye siti ya nyuma. Leo inatembea na injini ya 5K, rimu za inchi 14, na breki ninazoziamini nikiwa na watoto ndani. Naeleza nilivyofanya kwa mpangilio nilioufuata, maana mpangilio ndio ulioniokoa.

Kabla ya hii nilikuwa na pikapu. Nilifungua kila kitu ndani ya wiki mbili: injini chini, dashibodi nje, waya zote zimening'inia. Ilikaa juu ya stendi miaka mitatu. Vipuri vikapotea kimoja kimoja, na mwisho niliiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Iliniuma sana. Tangu siku ile nina sheria moja: gari lirudi kwenye magurudumu yake haraka iwezekanavyo. Fungua mfumo mmoja, umalize, uufunge, ndipo uguse mwingine. Gari linaloweza kusukumwa kutoka bandani ni mradi ulio hai.

Sehemu ya kazi haihitaji makubwa. Sakafu ya saruji iliyo sawa, taa mbili nzuri, jeki, na stendi nne za chuma. Usiweke tofali chini ya gari, liwe la saruji au la kuchoma. Tofali hupasuka ghafla, bila dalili, na wewe uko chini. Kwangu kuna hatari nyingine: maranda na vumbi la mbao. Kabla sijawasha grenda nafagia banda zima, namwagia maji sakafu, na mtungi wa kuzimia moto nauweka mlangoni, si nyuma ya gari ambako sitaufikia. Kila kundi la bolti linaingia kwenye kopo lake lenye jina, na kabla ya kufungua chochote napiga picha kwa simu.

Anza na kutu. Wengi huanza na injini kwa sababu ina raha, lakini injini nzuri ndani ya bodi iliyooza ni hela iliyotupwa. Toa siti, toa kapeti, shika bisibisi bapa na uchokoe sakafu yote, hatua kwa hatua, hasa miguuni pa dereva, chini ya betri, kwenye shimo la tairi la akiba, na pale shokapu za mbele zinaposhikilia bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza, na bisibisi inazama. Yangu ilizama sehemu nne. Chini ya siti ya nyuma, mbolea ya kuku ilikuwa imekula bati hadi naona sakafu ya banda.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Usiweke kiraka juu ya kutu, itaendelea kula huko ndani. Mimi hukata kielelezo cha karatasi ngumu kwanza, kama ninavyofanya kwa mlango wa kabati, nakijaribu, nakirekebisha, ndipo nahamishia kwenye bati la geji 20. Kuchomelea nilimwita fundi mwenye mashine ya waya, kwa sababu mashine ya vijiti hutoboa bati jembamba. Simama naye. Achome nukta, aruke upande wa pili, aache ipoe, arudi. Akivuta mstari mmoja mrefu bati litajikunja. Kabla hajawasha, betri iwe imetolewa na tangi la mafuta liko nje ya banda. Tangi lililobaki na mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Baada ya kutu, breki. Hapa usibane matumizi. Badilisha mipira yote inayobeba mafuta ya breki, hata kama kwa nje inaonekana mizima. Ya zamani huvimba ndani, na mafuta yanapita kwa shida au hayarudi. Weka ripea (seti ya mipira mipya ya ndani) ya master silinda, yaani pampu kuu ya breki, na ya silinda za magurudumu ya nyuma, na kama ukuta wa silinda una mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, nunua nyingine. Mafuta mapya, DOT 3 au 4. Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Binti yangu alikaa kwenye usukani, mimi chini. "Kanyaga." "Nimekanyaga, baba." "Shikilia." Nafungua nipo, ile skrubu ya kutolea hewa, povu linatoka kwenye kijibomba, nafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Tulimaliza saa moja na nusu, pedali ikawa ngumu kama kukanyaga jiwe.

Kuhusu kushusha gari nina msimamo. Najua linapendeza likiwa chini. Lakini barabara zetu za mitaa zina matuta na mashimo, na KE70 haina nafasi kubwa ya springi kucheza. Kuna jirani alipelekea fundi gari lake, springi zikakatwa kwa moto wa gesi. Moto unaua ugumu wa chuma cha springi. Miezi miwili baadaye gari lilikuwa limelala upande mmoja. Mimi niliacha springi za kimo cha kiwandani, nikabadilisha shokapu nne, bushi zote za nyuma na boljointi. Gari likashika barabara kwa namna ambayo hata ningelishusha nisingeipata kwa bushi zilizokufa. Ukifungua springi za mbele, azima kibanio chake maalumu, vipande viwili vinavyotazamana. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya.

Rimu: KE70 inatumia kipimo 4x114.3, yaani bolti nne kwenye duara la milimita 114.3. Ya kiwandani ni inchi 13. Niliweka inchi 14 na tairi za 185/60. Piga hesabu kabla ya kununua: 175/70 za inchi 13 zina kipenyo cha milimita 575, na 185/60 za inchi 14 zina 578. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba spidi mita inabaki kusema kweli, na tairi haligusi bodi ukikata kona.

Sasa injini. KE70 yangu ilikuja na 4K, sentimita za ujazo 1,290. Ndugu yake 5K ina 1,486, na mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 73. Kilichoongezeka ni upana wa silinda, kutoka 75 hadi 80.5. Ni ukoo mmoja, kwa hiyo inakaa kwenye giaboksi ileile na mauntingi (vishikizo vya injini) zilezile, bila kukata chasisi. Kwa kazi ya nyumbani hilo ni jambo kubwa. Ningeweza kutafuta injini ya kisasa ya valvu 16, lakini ingetaka kompyuta, pampu ya petroli ya presha, propela shafti mpya na mtu wa kuchomelea mauntingi, na gari lingekaa juu ya stendi mwaka mzima.

5K zinapatikana kwenye vigari vya mizigo vya LiteAce na TownAce vilivyochoka bodi. Usinunue injini kwa maneno. Nenda na kipimo cha kompresheni. Toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, kisha piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Yangu ilisoma PSI 150, 148, 150 na 145. Kitabu kitakutajia namba kubwa zaidi, lakini kumbuka Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo kinashuka kwa karibu sehemu moja ya kumi. La kutazama zaidi ni silinda kulingana. Moja ikiwa chini sana, mwagia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Nililipa laki saba baada ya kupima mbele ya muuzaji, naye hakubisha.

Injini ya kigari cha mizigo inakaa tofauti na ya saluni, kwa hiyo sampu yake, lile bakuli la oili chini ya injini, haitaingia vizuri kwenye KE70. Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo usiuze 4K yako kabla hujamaliza. Laza zote mbili sakafuni, kifua kwa kifua. Toa sampu ya 4K, toa bomba la kufyonzea oili lenye chujio, toa kijiti cha kupimia oili na mkono wake, na vyuma vya mauntingi. Vyote hivyo vihamie kwenye 5K. Bomba na sampu lazima viende pamoja. Ukiweka sampu ya 4K na kuacha bomba la 5K, chujio linaweza kugota chini au kuning'inia juu ya oili, na injini itasaga beringi siku ya kwanza. Mimi nilibandika donge dogo la udongo wa kuchezea watoto chini ya chujio, nikaweka sampu bila kufunga, nikaitoa, nikapima unene wa udongo uliobaki. Milimita saba. Nikatoa udongo wote, nikafuta, nikafunga na gasketi mpya.

Klachi pleti ijaribu kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi kabla hujafunga chochote. Flaiwili na presha pleti viwe vya jozi moja. Kunyanyua nilitumia cheni bloku juu ya bomba nene la chuma lililolala kwenye nguzo mbili za banda. Injini hii ni nyepesi kuliko magunia mawili ya mahindi, watu wawili wanatosha kuielekeza.

Fungua kifuniko cha valvu. Kama roka zina skrubu ya kurekebisha na nati yake, weka nafasi ya milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa, injini ikiwa moto. Kama hazina, tapeti ni za haidroliki, ziache. Waya za plagi zifuate mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2.

Tafadhali, usitoe themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Hapa kwetu gari likichemka tu, kitu cha kwanza kutupwa ni themostati, na injini inabaki ikitembea baridi, inakula petroli na kuchakaa. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Moshi maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na themostati ya nyuzi 82 inapaswa kuwa imefunguka kabla ya hapo. Isipofunguka, nunua mpya, kisha ukasafishe rejeta.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, acha plagi nje na upige stata mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi.

Umeme nilifanya jambo moja tu kubwa: taa za mbele. Balbu mbili za wati 60 zinavuta ampea 10, na swichi ya zamani haikutengenezwa kubeba hivyo miaka 40. Weka relei mbili na fyuzi karibu na betri. Rangi iache mwisho kabisa. Kumbuka namba ya injini na rangi vimeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukivibadilisha, nenda TRA na karatasi za manunuzi ya injini kabla hujaanza kutembea mbali.

Kilichobaki ni kabureta, na hapa mlima unakuwa mwalimu. Tumia kabureta ya 5K. Ya 4K itaibana. Kabureta haijui kama hewa imekuwa nyepesi, kwa hiyo ukipanda, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Irekebishe pale unapoishi. Injini ikiwa moto, kaza skrubu ya mchanganyiko mpaka ianze kutetemeka, kisha legeza taratibu mpaka mlio uwe laini na wa juu kabisa. Halafu toka nayo. Mimi nilikwenda Himo, nikaendesha kwa nguvu kilomita chache, nikazima injini ghafla na kutoa plagi pembeni ya barabara, kitambaa mkononi. Nyeusi yenye masizi: petroli nyingi. Nyeupe kama chaki: petroli kidogo, na hiyo ndiyo inayoyeyusha pistoni. Zangu zilikuwa nyeusi. Nikaweka jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) ndogo kwa hatua moja, nikarudia. Zikawa rangi ya kahawia, kama kahawa iliyokaangwa kidogo. Nikapanda nayo mpaka Marangu, ambako geti la mlima liko zaidi ya mita 1,800. Ilisita kidogo kwenye mwinuko wa mwisho, plagi zikawa zimekolea, lakini haikuzima.

Ukifika kilomita 500, mwaga oili. Usitupe filta; ikate kwa msumeno wa chuma, kunjua karatasi yake juu ya gazeti, uitazame juani. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa injini iliyofunguliwa. Ukiona chembe za rangi ya shaba, simamisha gari, fungua sampu, anza na beringi. Kwangu kulikuwa na kijivu tu, na uzi mmoja wa kitambaa nilichofutia ule udongo.