Barua ya maombi: anza na ugomvi wa mtaani kwenu

Kama uko hapa Nairobi na unaomba kwenda kusomea utatuzi wa migogoro nje, iwe Bradford kule Uingereza, ambako idara ya masomo ya amani ipo tangu 1973, au Uppsala kule Sweden, usianze barua yako na “tangu utotoni nimependa amani.” Nani hapendi? Hata anayechoma matairi atakwambia amani ndiyo anayoitafuta.

Andika ugomvi mmoja uliouona kwa macho yako. Barua yangu ya kwanza ilijaa Kofi Annan na mapatano ya Februari 2008 yaliyotuliza ghasia za baada ya uchaguzi hapa Kenya; ikagonga mwamba. Ya pili niliandika kuhusu foleni ya maji Mathare: nani alisogeza mtungi wa nani, mama aliyeketi juu ya mtungi wake akagoma kubanduka, na mzee wa nyumba kumi aliyewaacha waseme mpaka wakaishiwa maneno, ndipo akauliza swali lake la kwanza. Kwenye usaili waliniuliza kuhusu ule ukimya wake tu, karibu dakika kumi.

Lingine la haraka. Ufadhili wa Rotary kwa shahada ya uzamili hutaka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 3, kwa hiyo kila unapofanya kazi omba barua yenye tarehe kabla hujaaga. Mradi ukifungwa, bosi anahamia Juba na simu haishikwi tena.