Kabla ya Kupanda Ndege Ndogo Kuvuka Milima

Sisi wa Kisumu, Eldoret na Kitale hatuendi Nairobi kwa ndege bila kupita juu ya milima, kwa hivyo haya ni yetu. Msimu wa mazishi na siasa ukifika, kukodi helikopta au Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ni jambo la kawaida. Kabla hujalipa, soma.

Sema uzito wako wa kweli, na wa mzigo pia. Ndege nzito hupanda polepole, na mlima haungoji.

Beba sweta.

Chagua saa vizuri. Miezi ya Juni hadi Agosti ukungu wa Kinangop na Limuru hukawia kuondoka asubuhi, na alasiri mawingu ya mvua hurundikana Kericho na Nandi. Afadhali katikati ya asubuhi, baada ya rubani kupata taarifa ya hali ya hewa ya njia nzima. Jua kuwaka Kisumu hakukwambii lolote kuhusu milima ya Aberdare.

Usidhani ajali ni lazima injini izime. Injini inaweza kunguruma vizuri kabisa na ndege ikaingia mlimani, kwa sababu ndani ya wingu rubani haoni ardhi, na sikio la ndani, linalompa hisia ya usawa, humdanganya: ndege inapinda, mwili unaapa inaenda sawa. Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea kwenye rada. Mabaki yalipatikana Aberdare baada ya siku mbili, hali mbaya ya hewa ikiwa imekwamisha msako, na watu wote 10 walikuwa wamekufa. Aprili 2006, ndege ya jeshi iligonga mlima Marsabit kwenye hali mbaya ya hewa. Waliokufa ni 14, akiwemo Mirugi Kariuki, aliyekuwa mbunge wa Nakuru Mjini.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike. Panga gari kabla ya kulipia ndege.

Kuna msiba niliosaidia kupanga mapokezi, maziko yakiwa upande wa Kericho. Jamaa walikodi helikopta kutoka Nairobi. Ukungu ulikuwa umeifunga milima ya Mau, rubani akatua Nakuru kusubiri. Saa tano ikapita, kweupe hakuna. Kaka ya marehemu, mzee wa heshima, akamshika rubani mkono: “Kijana wangu, ndugu yangu anazikwa saa saba. Tupite chini chini, tufuate barabara.”

Rubani akamjibu kwa upole, “Mzee, nyaya za stima pia zinafuata barabara.”

Mzee akaahidi kuongeza pesa. Wengine wakaanza kumsema kijana, kwamba ni mwoga, kwamba wenzake wangeruka. Yeye akafunga mlango wa helikopta, akasimama kando na mikono mfukoni. Gari halikuwa limepangwa, na ilichukua muda kupata moja la kuwatosha. Walipofika Kericho, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Mzee aliokota udongo akabaki ameushika, hana pa kuutupa. Nilimhurumia sana, na bado nasema rubani alifanya sawa.

Shinikizo lile lilizaliwa na ratiba isiyo na njia nyingine. Dereva angekuwa pale Nakuru tangu asubuhi, wangeingia garini saa nne na hakuna ambaye angembembeleza rubani. Gharama ya gari hilo iingie kwenye bajeti ya kamati tangu mwanzo. Mwambieni rubani mapema, mbele ya mzee mwenye sauti, kwamba akisema turudi, tunarudi na malipo yake ni yaleyale. Wanaowangoja nao waambiwe ibada inaweza kuchelewa.

Mengine ni ya kawaida. Mwachie mtu wa nyumbani njia mtakayopita na saa ya kufika. Funga mkanda mpaka injini izimwe. Usipige gumzo na rubani ndege ikitua. Na helikopta ikishuka uwanjani kwenye matanga, shika watoto: panga ya mkiani ikizunguka haionekani, na vumbi likipanda hata mtu mzima hukimbilia asikojua.