Ufuta kwenye biskuti za kupeleka Marekani

Mnaooka biskuti na kutaka kuziuza Marekani, pitieni lebo upya kabla ya kuchapisha maelfu. Tangu Januari 1, 2023, ufuta ni chakula cha tisa chenye kuleta mzio ambacho sheria ya huko inataka kitajwe, pamoja na ngano, maziwa, mayai, karanga na vinginevyo. Hata ule mchache ulionyunyizwa juu ya biskuti kabla ya kuingia ovenini uandikwe wazi kwa Kiingereza, "sesame". Kuandika "simsim" peke yake hakutoshi. Kuna mtoto huko anaweza kuishiwa pumzi kwa punje hizo, kwa hiyo msilichukulie kama karaha ya makaratasi. Uzito nao uwe kwa gramu na aunsi.

Kiwanda kisajiliwe FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na kiwe na wakala aliyeko huko. Halafu kuna taarifa ya awali ya mzigo, ya kuitumia FDA: kwa ndege, si chini ya saa 4 kabla ya kufika, kwa meli, saa 8. Binafsi ningeituma siku kadhaa mapema.

Visheti alivyopika mama nyumbani kwake na kukutumia mwenyewe kama zawadi havihitaji taarifa hiyo.