SOMO: Wapi ukaze na wapi ulegeze kwenye jujitsu ya Kibrazili (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu,

Kila wiki swali ni lile lile: "Kocha ananiambia nilegee. Nikilegea napitwa gadi (miguu ninayomzuilia mpinzani nikiwa chini), nikikaza dakika ya pili tu pumzi imekata. Nifanyeje?" Limejibiwa vipande vipande vya kutosha, sasa naliweka lote hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha humu humu.

Kocha akisema "legea" huwa anafupisha. Anachotaka ni ukaze sehemu ndogo ya mwili, kwa muda mfupi, kwa kazi unayoijua, na kwingine kote uache. Ukilegea mwili mzima unapitwa, na hilo hakuna kocha aliyekutuma.

Somo ni la mtu ambaye tayari anajua gadi, maunti (mmoja amemkalia mwenzake kifuani), kubanwa ubavuni na kushikwa mgongoni. Kama bado, rudi darasani kwanza.

Hatua ya 1: Jikague. Kila mnapotulia kwenye mshindano, pitia sehemu nne: taya, mabega, vidole vya mikono, vidole vya miguu. Iliyokaza bila kazi, iachie.

Hatua ya 2: Pumzi. Toa pumzi kila unaposukuma, unaponyanyua kiuno au unapobanwa ghafla. Ukiona huwezi kuitoa taratibu kwa sekunde tatu au nne, umekaza kupita kiasi. Hicho ndicho kipimo, hakihitaji saa.

Hatua ya 3: Mishiko ya gi (vazi la mazoezi). Hapa ndipo nguvu za wengi zinapovujia. Msuli wa kigasha ukikazwa mfululizo unaibana mishipa yake yenyewe, damu haipiti inavyotakiwa, uchafu wa kazi unabaki ndani. Kigasha kinajaa, kinakuwa kigumu, mwishowe vidole vinakataa kufunga, na mapumziko ya dakika moja kati ya raundi hayatoshi kukirudisha.

Kanuni: mshiko ambao sasa hivi hauvuti wala hauzuii, uachie au ulegeze ubaki umeninginia tu. Kaza unapovuta, sekunde mbili au tatu, kisha punguza. Kwenye mkono wa gi kunja vidole vinne kama ndoano juu ya kitambaa ulichokikusanya, mkono wako ukiwa umenyooka kiasi, uvute kwa mgongo na nyonga. Ukivuta kwa msuli wa mbele wa mkono, dakika mbili nyingi. Na usiingize vidole ndani ya tundu la mkono wa gi au la suruali. Kwenye mashindano ya IBJJF (shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili) hilo ni kosa, na mazoezini ni njia rahisi ya kuvunjika kidole.

Hatua ya 4: Fremu, yaani mikono iliyopangwa kama nguzo kumzuia mpinzani. Legeza msuli, usibomoe umbo. Soma hii mara mbili, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa na karibu kila mtu anayeanza "kulegea".

Chukua mfano umebanwa ubavuni. Kigasha kimoja kipo kwenye shingo au taya ya mpinzani, kingine kwenye nyonga yake. Kiwiko kimekunjwa kati ya nyuzi 90 na 120. Uzito wake unatakiwa utue kwenye mfupa wa kigasha, upite kwenye mfupa wa juu wa mkono, ushuke hadi bega lako lililoegemea mkeka. Mifupa ikipangwa hivyo, msuli wa nyuma wa mkono unafanya kazi ndogo ya kushikilia pembe tu. Jaribio lake ni hili: mwambie mwenzako akuegemee kwa uzito wake wote, halafu wewe chezesha vidole. Vidole vikicheza na fremu isishuke, umepanga sawa. Vikiwa vimegandamana, humzuii kwa mifupa, unambeba kama uko kwenye benchi la vyuma, na utaishiwa kabla yake.

Sasa maonyo:

Kiwiko kisiachane na mbavu. Unalegeza vidole na bega. Mahali pa kiwiko hapalegezwi. Kikitoka nje kwa upana wa ngumi moja tu, mpinzani anapenyeza mkono au goti kwapani, na mkono wako umekuwa mali yake.

Usinyooshe mkono hadi mwisho ukimsukuma kifua. Unapoteza mfupa, unabaki na msuli, na unamkabidhi kufuli ya kiwiko.

Shingo haimo kwenye habari za kulegea pale unapokunjwa magoti yakiwa yanakaribia uso wako. Kaza shingo, geukia bega moja uzito utoke kwenye uti, na kama hutoki, gonga (ishara ya kukubali kushindwa).

Unaporushwa, kidevu kifuani. Mkono usitangulie kutafuta mkeka.

Kwenye kufuli za miguu, hasa ya kisigino, kulegea hakukuokoi na kukaza hakukuokoi. Goti linaweza kuchanika kabla maumivu hayajawa makali. Gonga mapema. IBJJF wenyewe hawairuhusu kabisa kwenye gi.

Hatua ya 5: Uzito ukiwa juu. Mtu aliyekaza ni mwepesi, kwa sababu anajibeba mwenyewe kwa mikono na magoti yake. Ukiwa ubavuni, toa viganja kwenye mkeka, nyanyua magoti, simamia vidole vya miguu, shusha nyonga, kisha weka kidari chako juu ya kifua chake na utoe pumzi. Utamsikia anaguna. Akinyanyua kiuno, kaza sekunde moja, weka egemeo, arudi chini, legea tena. Ukibaki umekaza baada ya hapo ataitumia miguu yako migumu kama nyenzo ya kukupindua.

Hatua ya 6: Nguvu zitoke kwa mpigo. Subiri moja kati ya matatu: anabadilisha mshiko, anahamisha uzito, au anavuta pumzi baada ya kuhangaika. Hapo toa nguvu zako zote kwa sekunde moja au mbili. Kwa upa (kumpindua kwa kunyanyua nyonga) ukiwa chini ya maunti: naswa mkono na mguu wa upande mmoja, visigino karibu na makalio, nyonga juu kabisa, kisha pinduka kimshazari juu ya bega. Ikishindikana rudi kwenye fremu upumue. Upa tatu mfululizo zisizo na mtego wa mkono ni kutapatapa tu.

Hatua ya 7: Kumalizia. Panga kwanza, ndipo ukaze. Kabari ya nyuma: kunjo la kiwiko chini ya kidevu, kiganja kwenye msuli wa mkono wa pili, kiganja kingine nyuma ya kichwa chake, nafasi yote imezibwa huku mabega yako yamelegea. Baada ya hapo jaza kifua pumzi, rudisha viwiko nyuma, ongeza taratibu. Ikifika sekunde kumi hivi hajagonga, tatizo ni mpangilio. Punguza, rekebisha, anza upya. Roger Gracie, bingwa wa dunia mara kumi kwa mkanda mweusi, anajulikana kwa kabari ya kola kutoka maunti, mbinu ya darasa la wanaoanza, na wapinzani walijua inakuja. Tazameni jinsi asivyo na haraka.

Zoezi: raundi tatu za dakika 5. Ya kwanza nguvu nusu, bila kushika kitambaa kabisa. Ya pili unaruhusiwa kushika, lakini hakuna mshiko wa zaidi ya sekunde tatu. Ya tatu anza chini ya maunti, na uruhusiwe kutoka pale tu mwenzako anaposogea. Zoezi litakuchosha akili kuliko mwili, ndiyo dalili kwamba mnalifanya sawa.

Maswali.

---

MkandaMweupe: Mkuu asante, kwa hiyo nikiwa chini nilegee tu nisifanye kitu?

Mleta mada: Hapana. Hatua ya 4.

MtuWaVyuma: Mimi benchi napiga kilo 120. Hizi habari za kulegea ni za watu wasio na nguvu, tusidanganyane.

Mleta mada: Hakuna aliyekukataza nguvu. Hatua ya 6 na ya 7 zote ni za nguvu. Swali ni unazitumia dakika gani. Raundi ya mashindano kwa mkanda mweupe ni dakika 5, kwa mweusi ni 10. Kama zako zinaisha ya pili, hizo kilo 120 mpinzani ndiye anayefaidi.

MtuWaVyuma: Sijasema zinaisha ya pili.

Mleta mada: Sawa. Fanya raundi ya pili ya zoezi, halafu urudi hapa.

Binti Kilo55: Kaka, shikamoo kwa somo. Mimi nina kilo 55, wenzangu wengi wamezidi 80. Nikibanwa ubavuni kifua kinakandamizwa, pumzi haiingii, nikilegeza hata kidogo naona ananimeza. Jaribio la vidole nimelifanya, fremu ya shingoni inakaa, ya nyongani inabomoka. Kwa nini hiyo moja tu?

Mleta mada: Marahaba dada, na umeuliza vizuri, umeshajikagua kabla. Ya nyongani inabomoka kwa sababu, nadhani, umelala chali. Ukiwa chali bega halina mkeka wa kuegemea kwa pembe ile, mzigo wote unabaki kwenye msuli. Kwanza lala upande kidogo, ukimwelekea, hata nyuzi 30. Fremu yenyewe itajikaza.

Pumzi: kifua kikikandamizwa usishindane nacho. Vuta ya tumboni na ya mgongoni, fupi fupi, toa ndefu.

Vya kukaza ni viwili tu: kiwiko cha upande wake kishikane na nyonga yako, na kidevu kishuke. Miguu, mkono wa pili, uso, acha vyote. Halafu subiri. Mtu wa kilo 80 hawezi kwenda maunti au kuzunguka kichwani kwako bila kuondoa uzito kifuani kwa kitambo. Hapo: pumzi nje, daraja dogo (nyanyua nyonga), na daraja *linapoanza kushuka* ndipo nyonga itoke nje na goti liingie. Ukitoa nyonga kabla ya daraja unazikokota kilo zake zote.

Binti Kilo55: Kumbe nilikuwa natoa nyonga wakati daraja liko juu. Nitajaribu leo jioni.

Mjudoka: Kwa heshima zote, ukilegea hivi kwenye judo unarushwa sekunde ya kumi.

Mleta mada: Kichwa cha somo kinasema jujitsu, na hatua karibu zote ni za chini mkekani. Lakini hata wima, mkono uliokakamaa ndio unaomwambia mwenzako uzito wako uko wapi. Wewe kama mjudoka unalijua hilo kuliko mimi.

Mjudoka: Hapo tupo pamoja. Niongeze moja: wima, legeza viwiko, usilegeze kiuno.

Mleta mada: Nzuri. Wanaoanzia wima wachukue hiyo.

Nyali001: Boss, si hiyo kabari ya nyuma ni ngeta ya wezi tu? Huku mtaani watu wanalazwa bila kwenda class.

Mleta mada: Huku kwetu tunaita roba, na tofauti ni kubwa. Mkono wa mwizi unakaa mbele ya koromeo. Unaumiza, unakata hewa, unaweza kuvunja gegedu la koo. Kabari ya darasani inaacha koromeo ndani ya kunjo la kiwiko na kubana mishipa ya damu pande mbili za shingo. Ikikaa sawa mtu anaweza kuzimia kwa sekunde kumi hivi, ndiyo maana akigonga unaachia papo hapo, na akilegea ghafla unaachia hata kama hajagonga. Msifanyie nyumbani bila mtu anayejua.

Nyali001: Nimekupata. Na bila gi? Hapa Mombasa na hili joto, mkono unateleza kama samaki.

Mleta mada: Usishike kwa vidole kwenye jasho, unajichosha bure. Ndoana kwa kiganja kilichokunjwa nyuma ya shingo, nyuma ya kiwiko, au mkono mzima kwapani. Bila gi somo la kulegea linakuwa jepesi, maana kitambaa cha kung'ang'ania hakipo.

Kidevu Kifuani: Nikifunga pembetatu ya miguu (kabari ya shingo kwa miguu) msuli wa nyuma ya paja unakaza mpaka naachia. Ni maji au chumvi?

Mleta mada: Maji kunywa, ila hapo sababu kubwa ni pembe. Ukikaa usoni kwake moja kwa moja, unambana kwa kuvuta visigino, na msuli wa nyuma ya paja unafanya kazi ukiwa umekunjwa mfupi kabisa. Msuli ukiwa hivyo unakakamaa haraka. Sukuma nyonga yake kwa mguu, uzunguke mpaka uwe unaliona sikio lake, kifundo chako kiingie nyuma ya goti la mguu wa pili, vidole vya mguu vivutwe kuelekea muundi. Baada ya hapo bana magoti na unyanyue nyonga kidogo. Kichwa kivute kwa mikono pale tu anapojaribu kusimama.

Asha_Gi: Nje ya mada kidogo, vidole vyangu vimeanza kuvimba kwenye viungo. Plasta inasaidia?

Mleta mada: Inasaidia kukiegemeza kiungo, haiponyi. Tumia ile ya kitambaa ya duka la dawa, ipasue ipate upana wa sentimita moja hivi. Zungusha juu ya kiungo cha kati mara mbili au tatu, pitisha msalaba upande wa kiganja, zungusha chini yake. Kiungo chenyewe kiachwe wazi kikunjike. Kidole kikibadilika rangi au kikifa ganzi, fungua. Uvimbe usiposhuka kwa wiki mbili, pumzisha mishiko na umwone daktari.

MkandaMweupe: Mkuu, mshiko mmoja nikae nao muda gani?

Mleta mada: Hatua ya 3.